Kujenga Gari la Mbio Chuoni: Kutoka Mabomba ya Chuma hadi Uwanja wa Majaribio

Watu wengi wanaposikia kwamba wanafunzi wa chuo wamejenga gari la mbio, huingiwa na moja ya dhana mbili. Wengine hudhani kwamba huo ni mchezo wa vijana wanaopenda mwendo wa kasi. Wengine hudhani kwamba kazi hiyo haiwezekani ila katika viwanda vikubwa vya Ulaya, Marekani na Japani, na kwamba anayesema ameifanya kwa mikono yake amechukua tu gari la mwenzake na kulipaka rangi mpya. Dhana zote mbili si sahihi.

Katika makala hii nitajaribu kueleza jinsi gari la namna hiyo linavyojengwa, kanuni za sayansi zinazoliongoza, na sababu zinazoifanya kazi hiyo imfunze mwanafunzi jambo ambalo mtihani wa darasani hauwezi kumfunza. Mifano nimeichukua katika historia, na mingine katika kazi niliyoisimamia mwenyewe chuoni, ambako wanafunzi 11 wa uhandisi walijenga gari dogo la watu wawili. Halikukusudiwa kutembea barabarani, bali katika uwanja uliofungwa. Msomaji asiyekuwa mhandisi asiogope: hesabu zilizomo humu hazizidi zile za shule ya sekondari.

Gari la mbio ni nini?

Gari la mbio si gari lenye injini kubwa tu. Lori lina injini kubwa, wala halishindani na mtu. Gari la mbio ni gari jepesi, fupi kwenda juu, lililo karibu na ardhi, ambalo humtii dereva upesi anapolitaka liondoke, likate kona au lisimame. Kwa hiyo sifa zake tatu ni wepesi, utulivu na utiifu. Nguvu ya injini huja baadaye.

Mtu aliyelionyesha jambo hili waziwazi alikuwa mwanafunzi. Colin Chapman alikuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha London mwishoni mwa miaka ya 1940. Alichukua gari kuukuu la aina ya Austin Seven, akaliondoa bodi lake, na kulijengea jingine la mbao nyembamba zilizofunikwa kwa aluminiamu. Gari hilo, lililokamilika mwaka 1948, ndilo la kwanza katika ukoo wa Lotus, kampuni aliyoianzisha mwaka 1952. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilitoa gari liitwalo Lotus Seven, ambalo mnunuzi aliweza kuuziwa vipande na kuviunganisha mwenyewe nyumbani. Uzito wake haukufika kilo 600. Tangu mwaka 1973 haki ya kulitengeneza imekuwa mikononi mwa kampuni ya Caterham, na magari ya ukoo huo yanatengenezwa hadi leo.

Muundo huo ni rahisi kueleweka, na kwa sababu hiyo umewafaa sana walimu. Mwaka 1996 Ron Champion wa Uingereza alichapisha kitabu kilichomweleza msomaji namna ya kujenga gari la jinsi hiyo kwa mabomba ya mraba, vipuri vya gari kuukuu, na paundi 250 tu. Vyuo vikuu navyo vilikuwa vimeanza mashindano yao. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kilikuwa mwenyeji wa mashindano ya kwanza ya Formula SAE, ambamo wanafunzi hubuni, hujenga na kuendesha gari lao wenyewe. Mashindano ya namna hiyo yalianza Uingereza mwaka 1998. Alama zote ni 1000, na 325 kati ya hizo hutolewa gari likiwa limesimama: wanafunzi huulizwa kwa nini walichagua muundo huo, uligharimu kiasi gani, na nani angelinunua gari lao. Asiyeweza kutoa sababu ya bolti aliyoifunga hupoteza alama hata kama bolti hiyo inashika barabara.

Uzito: adui wa kwanza

Tuanze na kanuni ya Newton: kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Mchapuko ni kiasi ambacho kasi huongezeka katika kila sekunde. Tuchukue mfano. Gari letu lilikusudiwa kuwa na kilo 500, na watu wawili wakiingia ziwe 650. Tuseme injini inayasukuma magurudumu ya nyuma kwa kani ya Nyutoni 2600. Gawanya 2600 kwa 650, utapata mchapuko wa mita 4 kwa sekunde, kila sekunde. Gari litafikia kilometa 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, baada ya sekunde 5. Ukiitia injini hiyo hiyo katika gari la kilo 1300, mchapuko utakuwa 2 na muda utakuwa sekunde 10.

Basi njia ya kuliongezea gari nguvu bila kununua injini kubwa ni kulipunguzia uzito. Faida yake haiishii katika kuondoka. Gari jepesi huhitaji kani ndogo ili likate kona, na joto kidogo huzaliwa katika breki zake. Gharama ya wepesi ni moja: kila kilo inayoondolewa lazima ihojiwe kwanza ilikuwa ikifanya kazi gani.

Wanafunzi wetu walinunua gari moja kuukuu la Toyota, la aina inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, lililokuwa limegongwa ubavuni. Kutoka humo walitoa injini, giaboksi, propela, difu, vitovu vya magurudumu, breki na usukani. Bodi lote waliliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kila kipuri kilipimwa kwa mizani na kuandikwa katika daftari. Kazi hiyo iliwachosha, lakini siku ya kuchora gari ilipofika waliweza kukisia mahali pa kitovu cha uzito kabla hawajakata bomba hata moja.

Fremu na siri ya pembetatu

Fremu ndiyo mifupa ya gari. Lazima ibebe uzito, lakini kazi yake ngumu zaidi ni kukataa kusokoteka. Gurudumu moja la mbele linapopanda tuta huku mengine yakiwa chini, fremu hutaka kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Ikikubali, springi hazitafanya kazi yake sawasawa na dereva hataweza kujua gari litaelekea wapi.

Msomaji aweza kufanya jaribio dogo nyumbani. Chukua vijiti vinne, uviunganishe kwa misumari kila pembe upate umbo la mraba. Sukuma pembe moja: mraba utalala na kuwa msambamba. Sasa ongeza kijiti cha tano kutoka pembe moja hadi pembe ya pili iliyo mkabala. Mraba hautalala tena, kwa sababu umekuwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadili umbo isipokuwa upande wake mmoja urefuke, ufupike au ukatike. Hii ndiyo siri ya mapaa ya nyumba zetu, ya madaraja ya reli, na ya fremu ya gari la mbio.

Kwa nini tutumie bomba badala ya chuma kizima? Bomba la mraba la milimita 25, lenye unene wa milimita 1.5, lina eneo la chuma la milimita mraba 141. Chuma hicho hicho kikisubuiwa kuwa nondo nzima ya mraba, upande wake hautafika milimita 12. Uzito ni ule ule, kiasi cha kilo 1.1 kwa kila mita, lakini bomba hukinza kupindika takriban mara 8 kuliko nondo hiyo. Sababu ni kwamba chuma kilicho mbali na katikati ndicho kinachofanya kazi kubwa ya kuzuia kupinda. Mwanzi ulijua hesabu hii kabla yetu.

Kabla ya kukata chuma, kundi letu lilijenga mfano wa fremu kwa vijiti vya mbao na gundi, wa ukubwa wa sehemu moja ya kumi. Waliushika nyuma, wakausokota mbele kwa vidole, na kuona mahali ulipolegea. Aghalabu mahali hapo ni pale panapowekwa injini, kwa kuwa injini hutaka uwazi wa kuingilia, na uwazi ni adui wa pembetatu.

Fremu halisi hupimwa kwa njia ile ile, ila kwa vipimo. Sehemu ya nyuma hufungwa imara kwenye sakafu. Mbele huwekwa wenzo wenye urefu wa mita 1, na mwisho wake hutundikwa uzito wa kilo 50, yaani Nyutoni 490. Ikiwa fremu itasokoteka kwa nusu digrii, ukakamavu wake ni Nyutoni-mita 980 kwa kila digrii. Mwanafunzi akiongeza kipande kimoja cha bomba na kupima tena, ataona kwa macho yake kama kipande hicho kina faida au ni mzigo tu.

Kwa nini gari fupi halipinduki upesi

Gari linapokata kona, matairi hulivuta kuelekea ndani ya kona, lakini kitovu cha uzito, kilicho juu ya ardhi, hutaka kuendelea mbele. Matokeo yake ni kwamba uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Ukubwa wa uhamaji huo hutegemea kimo cha kitovu cha uzito na upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia.

Katika gari letu kimo hicho kilikisiwa kuwa mita 0.45, na upana mita 1.3. Katika kona kali, ambapo kani ya ubavuni inafikia 0.8 ya uzito, mzigo unaohama ni karibu kilo 180. Lau kitovu kingeshushwa hadi mita 0.35, mzigo unaohama ungekuwa kilo 140 tu. Ndiyo maana injini huwekwa chini kadiri iwezekanavyo, na dereva hukaa karibu kugusa sakafu.

Je, gari litapinduka lini? Kwa makisio ya kwanza, gawanya nusu ya upana kwa kimo cha kitovu. Kwa gari letu, 0.65 kwa 0.45 ni 1.44. Matairi ya kawaida katika lami kavu hushika kwa kani ya kiasi cha 0.8 hadi 1 ya uzito. Maana yake ni kwamba matairi yatateleza kabla gari halijapinduka. Sasa fikiria gari la mizigo lenye upana wa mita 1.4, lililosheheni magunia na watu hadi kitovu chake kikafika mita 1 juu ya ardhi. 0.7 kwa 1 ni 0.7. Gari hilo litapinduka kabla halijateleza, na dereva hatapata onyo. Msomaji anayesafiri katika barabara zetu anajua kwamba mfano huu si wa kubuni tu. Hesabu iliyowafaa wanafunzi katika gari la mbio ndiyo hesabu inayoweza kuokoa maisha ya abiria wa kawaida.

Katika mashindano ya wanafunzi niliyoyataja, gari huinamishwa ubavu juu ya meza maalumu hadi digrii 60 huku dereva akiwa ndani. Gurudumu likiinuka, gari haliruhusiwi kuingia uwanjani.

Usukani: kwa nini magurudumu mawili hayapindi sawa

Wengi hudhani kwamba magurudumu ya mbele hupinda kwa kiasi kimoja. La hasha. Gari linapozunguka, magurudumu yote manne huchora duara zenye kitovu kimoja, na lile la ndani huchora duara dogo zaidi. Kwa gari lenye urefu wa mita 2.3 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na upana wa mita 1.3, likizunguka duara ambalo nusu kipenyo chake ni mita 6, gurudumu la ndani lapaswa kupinda digrii 23 na la nje digrii 19. Yakipinda sawa, moja litaburuzwa na kuliwa upesi.

Ufumbuzi wake ni wa zamani kuliko gari lenyewe. Georg Lankensperger wa Munich aliubuni kwa ajili ya magari ya farasi, na Rudolph Ackermann akausajili London mwaka 1818. Mikono ya usukani haiwekwi sambamba, bali huelekezwa ndani kidogo, ili mistari yake ikirefushwa ikutane karibu na katikati ya ekseli ya nyuma.

Kuna jambo la pili ambalo wanafunzi hulisahau. Gurudumu linapopanda na kushuka juu ya mashimo, tairodi na mikono inayolishika gurudumu huzunguka kila mmoja kwenye bawaba yake. Bawaba hizo zisipopangwa vizuri, tairodi italivuta gurudumu na gari litageuka lenyewe ingawa dereva hajagusa usukani. Sisi tulilitambua kosa hilo kwa kuondoa springi, kuinua gurudumu kwa jeki, na kuangalia mstari uliochorwa kwa chaki ukutani. Kipande cha usukani kilisogezwa milimita 12 kwenda chini, na mstari ukanyooka.

Breki na joto lake

Kusimamisha gari ni kubadili mwendo kuwa joto. Gari letu la kilo 650, likienda kilometa 72 kwa saa, lina nishati ya Jouli 130,000. Mwendo ukiwa maradufu, nishati huwa mara nne, yaani Jouli 520,000. Kadhalika umbali wa kusimama, ambao kwa matairi mazuri katika lami kavu ni karibu mita 25, hufika mita 100. Hayo ni bila kuhesabu mita zinazopita kabla dereva hajakanyaga breki.

Kwa kulinganisha, lori la tani 30 linaloshuka mlima kama Kitonga, kwa kila mita 100 za kimo linazozipoteza, hutoa nishati ya kulisimamisha gari letu zaidi ya mara 220. Ndiyo sababu dereva mwenye busara hushuka kwa gia nzito, ili injini isaidie kumeza nishati hiyo, wala haiachii breki peke yake.

Breki za mbele hufanya kazi kubwa kuliko za nyuma, kwa sababu gari linapofunga breki uzito huhamia mbele. Katika gari letu magurudumu ya mbele yalibeba kilo 300 na ya nyuma 350 gari likiwa limesimama. Katika breki kali hesabu huwa 400 mbele na 250 nyuma. Magurudumu ya nyuma yakikwama kwanza, gari hujigeuza nyuma mbele. Tena breki hujengwa kwa njia mbili za mafuta zisizotegemeana, ili bomba moja likipasuka, magurudumu mawili yabaki na breki.

Mafuta ya taa na chaki

Sasa nieleze tukio lililotokea siku mbili kabla ya gari letu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa, na viti vilikuwa vimeagizwa. Gari lilikuwa limesimama katika karakana, limepakwa rangi, likipendeza.

Binti mmoja wa kundi lile, ambaye hakuwa msemaji sana, aliomba ruhusa ya kujaribu mishono ya kulehemu inayoshika mikono ya magurudumu ya mbele. Wenzake walimcheka kidogo, kwani aliyelehemu alikuwa fundi bora kati yao na mishono yake ilikuwa mizuri kwa macho. Hatukuwa na chombo cha mionzi wala cha mawimbi ya sauti. Alikuwa na kopo la mafuta ya taa, chaki iliyosagwa na spiriti.

Jaribio hilo lilitumika katika karakana za reli tangu zamani, nalo ni rahisi. Mshono husafishwa kwa brashi ya waya hadi ung'ae. Hupakwa mafuta ya taa, ukaachwa kwa nusu saa. Kisha hufutwa hadi ukauke kabisa, na kupakwa chaki iliyokorogwa katika spiriti. Spiriti hukauka, chaki hubaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hufyonzwa na chaki, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta, na mstari mweusi hujitokeza juu ya weupe.

Tulisubiri. Chini ya mkono wa mbele wa kushoto ulijitokeza mstari wenye urefu wa ukucha.

Sababu yake tuliielewa baadaye. Kishikizo kilikuwa cha bamba la milimita 5, na bomba lilikuwa la milimita 1.5. Bamba nene hunyonya joto jingi. Fundi alipunguza umeme asije akatoboa bomba, na kwa hiyo chuma kilichoyeyuka kililala juu ya bamba bila kushikamana nalo. Kwa nje mshono ulikuwa mzuri. Kwa ndani ulikuwa umegundishwa tu.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza halikuwa la kihandisi. Niliwafikiria wageni. Nilisema kwamba labda gari liendeshwe polepole, kilometa 20 kwa saa, kisha turekebishe baada ya sherehe. Yule binti aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, gari litajuaje kwamba leo kuna wageni?"

Sikuwa na jibu. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu. Katika breki kali, kila gurudumu la mbele hubeba kilo 200 na tairi huvuta nyuma kwa kani inayolingana na kilo 160. Lakini kwa kuwa gurudumu lenyewe ni wenzo, mkono wa chini hupokea maradufu yake, kiasi cha kilo 320, na zote hupitia katika vishikizo vyake viwili. Mwendo wa polepole ungepunguza joto katika breki, wala usingepunguza kani hii kama dereva angekanyaga breki ghafla mbele ya mtoto aliyekatiza uwanja. Mkono ungeng'oka, gurudumu lingelala chini ya gari, na dereva angebaki ameshika usukani usioongoza kitu.

Tuliandika barua za kuahirisha. Mishono yote 16 ya vishikizo ilijaribiwa, na miwili mingine ikaonekana na kasoro. Yote ilisagwa. Mahali pa vishikizo tuliweka vipande vya bomba lenye unene wa milimita 3, ili unene wa vyuma viwili ukaribiane, na fundi yule yule akalehemu upya baada ya kujaribu kwanza katika vipande vya kutupa na kuvivunja kwa nyundo kuona ndani. Naye ndiye aliyeshika brashi ya chaki mara ya pili. Wiki tatu baadaye gari lilizunguka uwanja alasiri nzima, na taabu yake pekee ilikuwa rejeta iliyochemka.

Kazi hii ina faida gani kwa nchi?

Mtu aweza kuuliza kwa nini chuo kitumie fedha kwa gari la mbio ilhali wananchi wanahitaji magari ya kubeba mazao na wagonjwa. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba gari dogo ni darasa la bei nafuu. Kanuni za fremu, breki na kitovu cha uzito hazibadiliki mtu anapotoka katika gari la watu wawili kwenda katika basi, trela au gari la wagonjwa.

Afrika Mashariki imekwisha kupata masomo mawili ya kufaa. Katika Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipewa kazi mwaka 1986 ya kubuni gari la nchi hiyo, na mwaka 1990 magari matano ya mfano, yaitwayo Nyayo Pioneer, yalionyeshwa kwa wananchi. Yalitembea, lakini hayakufikia kutengenezwa kwa wingi, kwa kuwa mtaji haukupatikana. Somo lake ni kwamba kujenga gari moja ni kazi ya uhandisi. Kujenga maelfu ni kazi ya uhandisi, fedha na soko kwa pamoja. Katika Uganda, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha mwaka 2011 gari la umeme la watu wawili liitwalo Kiira EV. Kazi hiyo haikuishia katika karakana ya chuo: ilizaa kampuni ya Kiira Motors na mabasi ya umeme ya Kayoola. Gari dogo la wanafunzi lilikuwa mbegu.

Kwa chuo kinachotaka kuanza, ushauri wangu ni mfupi. Anzeni na gari moja kuukuu, wala msinunue injini kubwa. Pimeni kila kipuri. Choreni kabla ya kukata. Wekeni kingo ya bomba imara juu ya kichwa cha dereva, mikanda ya usalama, na kizimamoto. Msiendeshe barabarani gari ambalo halijakaguliwa na kuandikishwa kwa mujibu wa sheria. Na katika kila kundi mpeni mtu mmoja mamlaka ya kusema "gari halitoki leo", bila ya yeyote, hata msimamizi, kuweza kumpinga asipoleta kipimo.

Wanafunzi wale 11 wamekwisha kuhitimu. Baadhi yao hawafanyi kazi ya magari kabisa. Mmoja anasimamia mitambo ya maji, mwingine anakagua madaraja. Yule binti anakagua matangi ya gesi. Gari lao bado liko karakanani, na wanafunzi wapya hulifungua na kulifunga kila mwaka. Juu ya kishikizo cha mbele cha kushoto rangi imebanduliwa makusudi, na mshono umeachwa wazi. Kila mwaka, kabla injini haijawashwa, mwanafunzi mmoja huupaka mafuta ya taa, huketi chini, na kusubiri nusu saa.